Kinyago na Msitu

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Je, alichokichonga mwenzio, nawe ukakinunua na kukitundika ukutani, kimebakiwa na nini hata kikutishe?

Wapo waizungukao dunia wakikusanya vinyago, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mti huliwa na mchwa, ngoma husahauliwa, na wajukuu wa wachongaji huenda wasijue kamwe babu zao walichonga nini. Mwenye kuhifadhi, wasema, huwahifadhia wote.

Lakini msafiri wa namna hiyo akishuka Same na kuipanda milima ya Upare, yumkini atarudi mikono mitupu. Siri kubwa ya Wapare ilikaa msituni. Mshitu, ndivyo wauitavyo msitu wa jando, uliwapokea wavulana ukawarudisha wanaume. Asiyepitia mafunzo yake hakuruhusiwa kuingia, wala miti yake haikukatwa ovyo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969, ameonesha jinsi jando hilo lilivyokuwa nguzo ya utawala wa Wasuya kule Ugweno, Upare ya kaskazini. Elimu yenyewe ilibebwa kifuani, nayo ikalindwa kwa kunyamaza.

Wamakonde, huko kusini, siri yao waliipa sura. Lipiko huvikwa kichwani katika ngoma za jando, na asiyefundwa hapaswi kumjua achezaye ndani yake. Sura hubebeka. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa, pamoja na vitu vingine, katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 kikatambuliwa. Na mwaka 2010, baada ya majadiliano marefu, kikarejeshwa Tanzania.

Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu. Hata hivyo tujiulize: kimerudi wapi? Kimetoka makumbusho ya ugenini kikaingia makumbusho ya nyumbani, na kote huko kazi yake ni kutazamwa na kila apitaye, hali kilichongwa ili si kila mtu akijue. Hapo ndipo nionapo haki mbili, ya mali na ya siri. Ya kwanza hurejeshwa kwa hati na saini. Ya pili, ikishavunjwa, hairejesheki.

Atasema mtu: siri isiyoandikwa hufa na wazee, na misitu mingi ya Upare imekwisha kupungua. Ni kweli, na hasara hiyo inauma. Lakini wenye kitu wakikiacha kife mikononi mwao, hawakuibiwa. Wamakonde nao hadi leo huchonga mapiko mapya na kuyacheza. Uhai wa kinyago umo katika kuchongwa tena.

Basi mkusanyaji, kabla ya kuuliza bei, na aulize kwanza: ni nani aliyenipa ruhusa ya kuona? Na akijibiwa kwa kimya, ajue amejibiwa.