Magugu Katikati ya Ngano

Somo: Mathayo 13:24–30

Wapendwa, mwenye shamba katika mfano huu aliwakataza watumwa wake kung'oa magugu. Si kwamba aliyapenda. Aliihofia ngano, kwa kuwa mizizi ilikuwa imekwisha kushikana. Kila nikisoma mfano huu nawakumbuka washarika wetu wanaoishi na virusi mwilini, maana shida ya mwenye shamba ndiyo shida ya tabibu.

Kabla ya kugawanyika, seli ya mwanadamu hunakili DNA yake yote, herufi zipatazo bilioni 6, kwa muda wa saa 8 hivi. Vinavyoifanya kazi hiyo ni vimeng'enya viitwavyo polimerasi. Cha kwanza kujulikana kiligunduliwa na Arthur Kornberg mwaka 1956, katika bakteria. Vile vikuu hujisahihisha. Kikiweka herufi isiyostahili, hurudi nyuma, huikata, huweka iliyo sahihi. Mungu anakutunza hivyo hata saa ambayo hukumbuki kuomba.

Virusi vya tutuko, pamoja na ndugu zao waletao mkanda wa jeshi, huingia ndani ya seli na maagizo ya kutengeneza polimerasi yao wenyewe. Ukizuia unakili wote, unamuua na mgonjwa. Katika miaka ya 1970 Gertrude Elion na wenzake nchini Marekani walitoa asikloviri, ambayo ni herufi ya bandia. Kimeng'enya cha virusi ndicho kinachoiamsha. Katika seli isiyoambukizwa hubaki karibu yote imelala. Ikishaamka, polimerasi ya virusi huipachika kwenye uzi wa DNA, na uzi unakomea hapo. Elion alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mimi naamini maarifa ya namna hii ni zawadi ya Mungu, sawa na mvua.

VVU navyo vina kimeng'enya chao, kinachonakili RNA kuwa DNA, nacho hakijisahihishi. Tenofoviri na lamivudini, zilizomo katika kidonge wanachomeza wengi wetu kila siku, hukizuia. Lakini DNA ya virusi iliyokwisha kujichomeka ndani ya DNA ya seli haiondoki. Magugu yamezuiwa kukua, hayajang'olewa. Ukiacha dawa, yanaamka. Ukimeza leo ukaruka kesho, makosa ya unakili huzaa virusi visivyosikia dawa tena.

Hapa ndipo ninapoumia. Mtu anapima wingi wa virusi, anaambiwa havionekani, anafurahi. Kisha katika mkesha fulani anatangaziwa kwamba amepona kabisa na vidonge ni kukosa imani. Nimewazika waliosadiki maneno hayo. Kutoonekana kwenye kipimo ni habari njema sana, tena aliyefikia hapo na kudumu hapo hamwambukizi mwenzi wake. Lakini ni dawa inayovishikilia virusi mahali hapo.

Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu, nami nitaendelea kuweka mikono. Kumwamuru aache dawa ni dhambi dhidi ya uhai wake, hata kama anayeamuru amevaa kola kama mimi. Ndugu yangu uliyeacha, usione haya. Rudi kliniki wiki hii, waeleze wahudumu ukweli wote, uanze upya. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie, twende wote.