Matumizi na Utunzaji: Swali la Kimaadili Kuhusu Fimbo ya Gofu

Katika falsafa ya maadili, yaani taaluma inayochunguza lipi ni jema na kwa sababu gani, utunzaji wa vifaa mara nyingi huachwa kando kama jambo la ufundi tu, lisilogusa wema wala uovu wa mtu. Mtazamo huo unastahili kupingwa, na mjini Moshi, ambako Klabu ya Moshi ina uwanja wa gofu wa mashimo 9, fimbo ya gofu inafaa kuwa kipimo chake, kwa kuwa ni kifaa cha burudani ambacho wengi wangedhani hakina dai lolote juu ya dhamiri ya anayekitumia.

Fimbo hiyo ina kichwa, ambacho aghalabu ni cha chuma, mpini, na kishikio cha raba. Uso wa kichwa umechongwa mifereji myembamba inayoupa mpira mzunguko unapopigwa. Mifereji hiyo ikijaa tope na nyasi, kama inavyotokea wakati wa masika, mzunguko hupungua na mchezaji hushindwa kuutawala mpira unapotua. Usafi wake huhitaji maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, brashi laini na kitambaa kikavu, kwa maana unyevu ukiachwa huleta kutu, na maji yakipenya kwenye kiungo cha kichwa na mpini huweza kukilegeza. Kishikio nacho huoshwa, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi hukifanya kiteleze, na jua hukikakamaza. Kwa hiyo kifaa hakidumu chenyewe, bali hudumishwa na mtu, na katika gofu mtu huyo mara nyingi si mpigaji bali ni msaidizi anayebeba mfuko wa fimbo. Hapo ndipo swali linapozaliwa: je, matumizi yanaweza kutengwa na utunzaji bila uadilifu wa mtumiaji kupungua?

Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro walilijibu swali hilo kwa vitendo kupitia mifongo, yaani mifereji ya asili inayoteremsha maji ya mito ya mlimani hadi kwenye vihamba, mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa. Haki ya kupata maji ya mfongo iliandamana na wajibu wa kushiriki kuuzibua na kuukarabati, na aliyekwepa kazi hiyo aliweza kutozwa faini au kunyimwa zamu yake. Msingi wa desturi hiyo ni kwamba anayenufaika na kitu bila kukitunza huishi kwa jasho la wenzake.

Mafundisho ya dini yanalipeleka wazo hilo mbali zaidi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6 na kufuatwa hadi leo na watawa wa Peramiho na Ndanda, inamtaka mtunza mali wa monasteri avione vyombo vyote kama vyombo vitakatifu vya altare, na inaagiza kuonywa kwa anayevitumia kwa uchafu au uzembe. Uislamu nao hufundisha juu ya amana, yaani kitu ambacho mtu amekabidhiwa na atakachoulizwa habari zake, na Kurani, katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, inaamuru amana zirudishwe kwa wenyewe. Huenda ikadaiwa kwamba heshima ya namna hiyo inakaribia kuabudu vitu; lakini anayeabudu kitu hukifanya kuwa mwisho wa safari yake, ilhali anayekitunza kama amana hukiri kwamba juu yake yuko mwenye mali aliye mkuu kuliko yeye.

Haifuati kwamba ni kosa kumwajiri msaidizi, kwa kuwa mgawanyo wa kazi ni sehemu halali ya maisha ya jamii na huwapatia watu riziki. Kinachofuata ni kwamba malipo hununua kazi ya mikono na hayaondoi wajibu wa mwenye fimbo, ambaye anapaswa kujua jinsi ya kuisafisha, kuisafisha mwenyewe pale inapowezekana, na kumlipa msaidizi ujira wa haki kama mshiriki wa kila pigo zuri. Ikiwa utunzaji ni tendo la uadilifu, basi sifa ya ushindi ni ya wote wawili, na mchezaji anayeichukua peke yake anamdhulumu mwenzake.