Je, Tumchangie Wakili Aliyeshtakiwa kwa Ubakaji?

Mwenzetu anapokamatwa kwa tuhuma za kumbaka mtoto, usharika hugawanyika siku hiyohiyo. Wengine husema tumchangie apate wakili. Wengine huona kuwa kumlipia wakili ni kumwonea mtoto mara ya pili. Yafaa tulitafakari jambo hili kabla halijatufika, kwa maana likishafika, hasira na undugu ndivyo vinavyoamua.

Adhabu yake ni nzito. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima anayetiwa hatiani kwa ubakaji hapa Tanzania hufungwa miaka isiyopungua 30. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Tena huamriwa kumlipa fidia aliyemtendea. Mkewe na watoto wake hubaki na jina hilo kijijini.

Uovu huu hutendwa mafichoni. Ndiyo maana sheria yetu huruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, hata akiwa mtoto, ikiwa mahakama imeridhika kwamba anasema kweli. Jambo hili si geni katika Maandiko. Kumbukumbu la Torati sura ya 19 hudai mashahidi wawili au watatu. Lakini katika sura ya 22, binti aliyekamatwa shambani anasadikiwa bila shahidi. Mungu hakumnyima haki kwa sababu mkosaji alichagua mahali pasipo na watu.

Basi, ikiwa sauti moja inaweza kumfunga mtu miaka 30, ni lazima sauti hiyo isikilizwe kwa makini na kuulizwa maswali, kwa staha inayomfaa mtoto. Hiyo ndiyo kazi ya utetezi. Potifa alimsikiliza mkewe, akawaka hasira, akamtia Yusufu gerezani. Hatusomi kwamba alimuuliza neno lolote. Nikodemo naye aliwakumbusha wakuu kwamba sheria haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Kumpatia mshtakiwa wakili, basi, si dhambi. Asiye na uwezo anaweza kusaidiwa chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017.

Lakini tumkumbuke na Tamari. Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa Amnoni alikuwa ndugu yake. Daudi alikasirika sana, ila hatusomi kwamba alimwadhibu mwanawe. Ukimya ule haukuleta amani: baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa.

Utetezi hufanyika mahakamani, mbele ya hakimu, kwa maswali na ushahidi. Kwenda usiku kwa wazazi wa mtoto na bahasha, kumsafirisha shahidi asionekane, au kuitisha kikao cha wazee ili "kuyamaliza" si utetezi. Ubakaji si deni la familia mbili; ni jinai. Kwa hiyo usharika unaomchangia mshtakiwa wakili umchangie pia mtoto nauli ya kufika mahakamani, matibabu, na mtu wa kuketi naye na kumfariji.

Hukumu nayo haituondolei wajibu. Aliyetiwa hatiani ana haki ya kukata rufaa, na Yesu alijihesabu pamoja na wafungwa, hivyo tumtembelee. Akitubu, Mungu husamehe. Lakini msamaha haufuti kifungo, wala haumrudishii darasa la shule ya Jumapili. Akiachiwa huru, tusimfunge tena kwa minong'ono. Kanuni ya kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto faraghani iwe ya wote, mchungaji akiwa wa kwanza. Kanuni ya wote haimshtaki mtu.

Tunapoombwa mchango, basi, tujiulize: fedha hii itausaidia ukweli usikike, au itaunyamazisha?