Kilo ni ya Nani?

Kuna mambo machache sana ambayo dunia karibu nzima imekubaliana, na kilo ni mojawapo. Tunabishana kuhusu Mungu, siasa, hata upande wa barabara wa kuendeshea gari. Lakini kilo ya Mambrui ni kilo ya Muscat na ya Paris. Hata Wamarekani na ukaidi wao wote, paundi yao kisheria inaelezwa kwa kilo.

Mfumo huu ulizaliwa Ufaransa miaka ya 1790, na nyuma yake kulikuwa na swali la haki. Mwaka 1789 wanavijiji wengi walilalamika kwamba kila bwana ana kipimo chake, na kipimo hicho hakikosi kumfaa yeye. Wakataka kipimo kisicho cha mtu.

Sisi wa pwani tulikuwa na vyetu: vibaba viwili kisaga, vinne pishi, dhiraa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Vizuri, lakini kiwiko cha nani? Cha muuzaji au cha mnunuzi? Pishi bado liko hai, kila mwisho wa Ramadhani tukitoa zakatul-fitri. Kwa kuwa pishi hupima ujazo na si uzito, ukiuliza ni kilo ngapi utaambiwa mbili na nusu, mwingine atakwambia tatu. Hapo hakuna anayeumia, maana mtoaji akiwa na shaka huzidisha.

Sokoni mambo ni mengine. Rafiki zangu wa mjini hupenda kusema fungu lina utu kuliko mizani: unaliona, mnapatana, unatupiwa moja la juu. Mimi naona fungu lina ujanja wake. Bei ya nyanya ikipanda, fungu linabaki shilingi zilezile, ila nyanya moja imeondoka kimyakimya. Ukisema "fungu dogo", unajibiwa "ndiyo hali ya soko." Ukisema "hapa pana gramu mia nane, si kilo", hayo si manung'uniko tena, ni mashtaka. Kilo inampa mnyonge neno la kudai nalo.

Sasa nenda diko. Mvuvi anashusha samaki, tajiri anapima. Mara nyingi tajiri huyo ndiye aliyemkopesha nyavu, na mizani ni yake pia. Mama karanga anasubiri kando, anunue kitakachobaki. Tangu 2019 kilo haitegemei tena kile kipande cha metali kilichofungiwa karibu na Paris. Imefungwa kwenye kanuni ya maumbile isiyomilikiwa na mtu. Sawa kabisa. Lakini mshale unaotikisika pale diko una mwenyewe, na mvuvi mwenye deni hawezi kusema "pima tena."

Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaodai kipimo kamili wakipokea, kisha wakapunguza wakitoa. Kosa linalotajwa pale haliko kwenye pishi wala kwenye kilo. Ni la mtu mwenye vipimo viwili, kimoja chake na kimoja cha wenzake.

Kwa hiyo sililii pishi. Nataka kilo, lakini nataka na mizani ya pili pale diko, isiyo ya tajiri, ambayo hata mwenye deni anaweza kupimia upya bila kuomba ruhusa. Bila hiyo, tutakuwa tumebadilisha jina la kipimo tu, na bwana ni yuleyule.