Ukuta wa Darini

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika somo hili Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aizungushie dari yake ukuta mdogo, asije mtu akaanguka na nyumba ile ikawa na hatia ya damu. Nyumba za nchi ile zilikuwa bapa juu, na watu walipanda huko. Rahabu alianika kitani darini. Mtume Petro alipanda darini kusali.

Angalieni: mwenye nyumba aliijua dari yake hata gizani. Ukuta ule ulikuwa kwa ajili ya mgeni na mtoto. Ndiyo maana Mungu hakuuacha uwe hiari, bali aliufanya amri.

Mapaa yetu hapa Nyanda za Juu yana mteremko, wala hatukai juu yake. Lakini amri ile ingali yatuhusu.

Dereva aliyeharibikiwa gari katika mlima wa Kitonga, au mteremko wa Iwambi karibu na Mbalizi, huweka nyuma ya gari pembetatu ya kung'aa au matawi mabichi, na jiwe chini ya gurudumu. Pembetatu ile haimtengenezei gari. Ni ya yule ajaye nyuma katika ukungu, mtu asiyemjua. Lakini wako ambao gari likipona huondoka na kuyaacha mawe barabarani. Jiwe lililomwokoa mmoja jana, leo usiku laweza kumwua mwenye pikipiki.

Mwezi wa Juni na Julai, baridi ikizidi, jiko la mkaa huingizwa chumbani na madirisha hufungwa. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hapati onyo lolote. Hapo ukuta wa darini ni kulitoa jiko nje kabla ya kulala, hata kama yamebaki makaa machache. Mwonyeni hasa mgeni atokaye nchi ya joto, asiyejua hatari hiyo.

Tena wako wajane na wazee wakaao peke yao, ambao watoto wao wamewanunulia filimbi au kengele ya kubonyeza. Ni vema. Lakini filimbi haimkamati mwizi wala haizimi moto. Kazi yake ni kuita tu. Aliyeita amekwisha kutimiza sehemu yake. Iliyobaki ni ya jirani. Tukijifunika blanketi na kusema wengine watakwenda, tumeubomoa ukuta wake. Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, nasi tutaulizwa.

Basi juma hili kila mmoja aizunguke nyumba yake, atazame mahali ambapo mtu mwingine aweza kuumia. Kisha aende kwa jirani akaaye peke yake, wapatane: ukiita, tutatoka pamoja, na simu itapigwa, 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto.

Bwana atujalie masikio yasikiayo na miguu iendayo. Amina.