Moto Unaoishia Njiani

Ukipita Busia alfajiri katika mvua za Machi hadi Mei, kabla maduka ya upande wa Sofia hayajafunguliwa, hukosi kusikia gari kuukuu likikataa kuamka. Starta inazunguka vizuri, betri ina nguvu, petroli ipo. Lakini injini inakohoa, inashika kwa pistoni tatu, inatikisika, inazima. Dereva ana abiria wa Tororo waliokwisha kukaa ndani, na mama mmoja ameanza kuzitupia macho bodaboda.

Magari mengi tunayopanda siku hizi ni Probox, na hizo zina koili juu ya kila plagi, kwa hiyo ugonjwa huu haziujui. Lakini bado ziko Corolla za miaka ya 1990 zenye koili moja, distributa moja, na nyaya nne za plagi zinazopita juu ya injini. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi zaidi ya volti 20,000. Umeme huo husafiri ndani ya waya mpaka kwenye plagi, huruka mwanya mdogo, na cheche yake huwasha petroli na hewa. Kazi hiyo hufanyika maelfu ya mara kila dakika, wala hakuna abiria anayeifikiria.

Waya huzeeka kwa nje. Joto la injini huukausha mpira wake mwaka baada ya mwaka, oili huulainisha mahali pengine, mahali pengine unasuguana na chuma. Hutokea ufa mwembamba ambao mchana huuoni. Umeme ukiupata ufa huo karibu na chuma hurukia hapohapo, na plagi iliyokuwa ikiungoja haipati kitu.

Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu huingoja jioni. Hufungua boneti, huwasha injini, huzima taa, kisha hunyunyiza maji kidogo juu ya nyaya. Waya unaovuja hujitaja wenyewe: utaona nyuzi za buluu zikicheza juu yake na kusikia ta-ta-ta. (Usiziguse, tafadhali.) Naye humgeukia dereva: "Mzee, petroli unayo, moto unao. Ila unaishia njiani."

Sisi wachungaji tu wepesi wa kumwambia mtu kwamba hana upendo, na mara nyingi tunamwonea. Mfikirie dada mmoja wakala wa forodha, anayeshinda katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018. Kutwa nzima anawajibu madereva wa malori kwa subira, hata wale wanaopiga kelele. Jioni anafika nyumbani, mtoto anamwuliza jambo mara ya pili, naye anafoka. Je, hampendi mtoto huyu? Anampenda kuliko madereva wote wa barabara ile. Ni kwa ajili yake anaamka saa kumi na moja alfajiri. Upendo upo, ila haukufika. Nawe, mpendwa, wa kwako huishia wapi? Kwenye simu? Kwa wageni? Au kuna kinyongo cha zamani kilichokupasua mahali ambapo hata wewe hujapaona?

Hilo la kinyongo naomba tukae nalo kidogo. Waya mbovu huweza kujificha gari likiwa limesimama; injini inanguruma taratibu, unaapa kwamba imepona. Lipakie abiria na magunia ya mahindi, kanyaga mafuta, ndipo shinikizo ndani ya silinda hupanda, cheche inadai nguvu zaidi ili iruke mwanya wa plagi, na ule ufa unakuwa njia rahisi kuliko plagi yenyewe. Jumapili tunaimba, tunasalimiana mlangoni, moyo umetulia kweli. Jumatano ada ya shule inadaiwa, mume hajatuma pesa, na neno la miaka sita iliyopita linatoka mdomoni kana kwamba lilisemwa jana. Hatukuwa wanafiki ile Jumapili. Hatukuwa na mzigo tu.

Dereva mwenye haraka atamwomba fundi afunge tepu. Tepu hufika mpaka mvua ijayo. Ni mara ngapi tumesema "yaishe" kwa sababu tumechoka kuzungumza, wala hakuna kilichokwisha? Fundi aliye na mita atapima kila waya. Kikomo cha Toyota za namna hii ni kilo-omu 25, na uliozidi hapo hubadilishwa hata kama unang'aa.

Namna ya kubadilisha nayo ina adabu yake. Asiye na subira hung'oa nyaya zote nne kwa pamoja, kisha anasimama akijikuna kichwa: upi ulikuwa wa silinda ya kwanza, upi wa tatu? Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Ukizichanganya nyaya itapiga baruti kwenye ekzosi au isiwake kabisa. Aliyetulia hutoa mmoja, anaulinganisha urefu na mpya, anauchomeka mpaka ukaze, ndipo anaugusa wa pili. Tena hauvuti katikati. Hushika kofia ya mpira iliyo mwishoni, huizungusha kidogo kushoto na kulia, kisha huitoa. Ukivuta waya wenyewe unakata kaboni iliyomo ndani.

Tusamehe hivyo, mpendwa. Sijaona ukoo uliosameheana yote katika kikao kimoja. Nimeona vikao vilivyofukua yote kwa pamoja na watu wakarudi makwao wakiwa maadui zaidi. Petro alipomwuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, akapendekeza saba, jibu alilopewa lilimwondolea mpaka. Naliona jibu hilo kuwa la huruma hata kwake yeye anayesamehe. Leo unaliachilia jambo moja, kesho linajitokeza jingine la mtu yuleyule, wala hiyo haina maana kwamba jana ulidanganya. Umefika kwenye waya wa pili. Na unapomweleza kosa lake, mshike mahali anapoweza kustahimili. Anza na lile mnalokubaliana nyote wawili, usianze na jeraha lake.

Basi wiki hii chagua mtu mmoja tu na jambo moja tu. Kama yeye yuko Tororo nawe uko Busia, panda gari umfuate, mwonane ana kwa ana. Ikishindikana, mpigie simu kabla hujalala, litaje jambo lenyewe kwa upole, kisha umwache aseme mpaka amalize.