Je, Yafaa Kuamini Mafuta ya Bidoni?

Vijana wanaochukua watu kwa pikipiki hapa Kambove wana swali moja ambalo hulirudia mara kwa mara, nami naona si swali la mafundi peke yao. Wauliza hivi: mafuta ya moteri yanayopimwa kwa kopo kutoka katika pipa au bidoni, yafaa kuyaamini, au sharti mtu anunue chupa iliyofungwa kiwandani? Wengine hujibu upesi, «Ya bidoni ni wizi mtupu.» Wengine hujibu upesi vile vile, «Mafuta ni mafuta.» Majibu hayo yote mawili yana haraka, na kila moja lamkosea mtu haki yake.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Pipa kubwa la mafuta huchukua lita 208 hivi, na yaliyomo ndani yake yaweza kuwa mafuta yale yale yaliyotiwa katika chupa ndogo, na kiwanda kile kile. Kupimwa kwa kopo hakuharibu kitu, ikiwa kopo ni safi na vumbi letu jekundu halikuingia. Tena maskini hununua hivyo karibu kila kitu: unga wa bukari kwa kipimo, mawese kwa kichupa, sukari kwa kijiko. Aliyepata fedha ya nusu lita leo hawezi kungojea mpaka apate ya chupa nzima, maana moteri haingoji. Basi asemaye kwamba kila auzaye kwa kopo ni mwizi, awahukumu wauzaji bila ushahidi na kuwacheka wanunuzi kwa umaskini wao.

Lakini unga na mafuta ya moteri si sawa. Mama akinunua unga huuona, huushika, huunusa; ukiwa mbaya atajua jioni ile ile, na kesho yake soko lote litajua. Mafuta ya moteri hayana wa kuyaonja ila moteri yenyewe, nayo hutoa habari baada ya wiki nyingi, pengine muuzaji amekwisha kuhama.

Katika pikipiki nyingi tunazoziona njiani, mafuta hayo hayo hulainisha moteri, tena vitesi, tena mabamba ya ambrayaji, yote pamoja. Katika motokaa kazi hizo kwa kawaida zimetengwa. Kwa hiyo mafuta mengine yaliyo mazuri sana kwa motokaa, yakitiwa katika pikipiki, huteleza mno. Mabamba hayashikani, na mlimani moteri yalia bure bila nguvu kufika gurudumuni. Wajapani waliweka alama yao kwa ajili ya mafuta ya pikipiki za namna hii mwaka 1998: ni neno JASO pamoja na herufi MA. Zaidi ya hayo, kiwandani hutiwa dawa za kuosha masizi, za kuzuia kutu, na za kuyafanya mafuta yasiwe maji matupu wakati wa joto. Mafuta yaliyokwisha kutumika yamechosha dawa hizo, nayo yamebeba unga wa chuma, petroli na asidi. Mtu akiyachuja kwa kitambaa na kuyaacha yatulie, yatang'aa tena kidogo. Lakini kitambaa hakirudishi dawa.

Najua watu wana njia zao za kupima. Wayasugua mafuta katikati ya vidole, watazama rangi, wadondosha tone juu ya karatasi. Siwadharau. Tone likiachwa saa kadhaa, masizi yatabaki katikati kama doa jeusi, na hiyo ni ishara ya mafuta yaliyotumika. Tone juu ya bati la moto likipasukapasuka, maji yamo. Walakini mafuta mapya ya motokaa na mafuta mapya ya pikipiki yataacha doa moja kwa karatasi, na vidole havijui kusoma herufi MA.

Mtu atasema, «Basi ninunue chupa iliyofungwa, nilale salama.» Taratibu! Kifuniko nacho ni neno la mtu, mtu aliye mbali ambaye hutamwona kamwe. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba chupa tupu huokotwa, hujazwa upya, hufungwa vizuri, na kuuzwa kwa bei ya kweli. Ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, ile OCC iliyoanzishwa mwaka 1974, hukagua vitu vinavyoingia nchini kama pale Kasumbalesa; lakini haiwezi kuweka mtu kando ya kila duka na kila bidoni. Kwa maoni yangu, basi, chupa na bidoni hazitofautiani kwa kuwa moja yadai imani na nyingine haidai. Zote mbili zadai. Tofauti ni nani unayemwamini, na kama waweza kumrudia kesho ukamwuliza.

Sisi watu wa Katanga twajua uchungu wa kupimiwa na mtu mwingine. Krezeri huleta gunia lake la mawe kwa mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi, na ile mashini ya Metorex, inayosema mna shaba au kobalti kiasi gani ndani ya jiwe, ni ya mnunuzi vile vile. Krezeri huambiwa namba, wala hana la kujibu. Hunung'unika, na mara nyingi ana sababu. Sasa huyo huyo apanda pikipiki kwenda nyumbani, na kando ya njia ndugu yake amuuzia mafuta yaliyochujwa kwa jina la mafuta mapya. Je, si jambo lile lile? Mmoja ajua, mwenzake hajui, na yule ajuaye apata faida katika kutojua kwa mwenzake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliligusa neno hili alipoandika juu ya kununua na kuuza. Alitaja makosa ya namna tatu katika kitu kiuzwacho: kitu chenyewe kuwa si kile kitajwacho, kama divai iliyotiwa maji, kipimo kupungua, na kitu kuwa na ubaya ndani yake, kama mnyama mgonjwa auzwaye kana kwamba ni mzima. Kopo moja la mafuta laweza kuchukua makosa yote matatu! Juu ya kipimo peke yake, fikirini: pikipiki ndogo za 125 huchukua karibu lita moja tu. Kopo lililobonyezwa chini likipunguza desilita mbili, moteri imekosa sehemu ya tano ya mafuta yake.

Lakini Tomaso huyo huyo hakuwa mkali pasipo sababu. Alifundisha kwamba ubaya ulio wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuutangaza, mradi bei imepunguzwa kwa haki. Ubaya uliofichika ndio lazima usemwe. Kwa hiyo auzaye mafuta yaliyochujwa na kusema, «Haya yamechujwa, ni ya bawaba na ya minyororo,» hana kosa lolote.

Na mnunuzi je? Mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa motokaa zilizotumika, jinsi soko linavyoharibika pale mnunuzi asipoweza kutambua kizuri na kibaya. Mnunuzi hukubali kutoa bei ya katikati tu. Mwenye kitu kizuri huona hasara na kuondoka. Hubaki wenye vibaya. Ndivyo ilivyo kwetu. Muuzaji mwaminifu aliyenunua pipa la kweli hawezi kushindana kwa bei na yule anayechuja mafuta meusi nyuma ya garaji. Anayenunua kwa bei peke yake, naye hataki kuuliza neno kwa kuogopa kusikia jibu, amsaidia mwovu kumfukuza mwema sokoni.

Hapa nawatazama hasa wenye pikipiki. Wengi hawaendeshi, hukabidhi kijana, nao hungoja fedha yao kila siku, na mafuta ni juu ya kijana. Siku ya watu wachache kijana atapunguza wapi ila katika mafuta? Na moteri ikikwama ghafula mwendoni, gurudumu la nyuma laweza kufunga na pikipiki kuanguka. Mama aliyepakiwa nyuma na mtoto mgongoni hakuchagua mafuta, wala hakuulizwa. Mwenye pikipiki adaiye fedha yake yote bila kutoa ya mafuta asimlaumu kijana peke yake.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili: nunueni ya kopo, ikiwa muuzaji ana mahali pake panapojulikana, akubali kuwaonyesha pipa lenyewe na maandishi yake, 20W-50 au mengine yaliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yenu, na herufi zile MA, ikiwa bidoni lake halikuchukua petroli jana, ikiwa yeye mwenyewe atia mafuta hayo katika pikipiki yake. Akikasirika kwa kuulizwa, nendeni kwingine, hata kama ni jirani.

Bado neno moja ambalo husahauliwa. Mafuta meusi mnayoyamwaga huenda wapi? Yale yanayochujwa na kuuzwa tena yalitoka katika moteri zenu. Chukueni bidoni lenu, mrudi nayo nyumbani. Watu huyapaka nguzo za ua kwa ajili ya mchwa, mbali na kisima na bustani. Chupa tupu itobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa. Na fundi akiwakatalia mafuta yenu wenyewe machafu, mwulizeni kwa upole anayapeleka kwa nani.